Turubai la pembeni ya gari: la kamba, la kuvuta, la mabawa au la sanduku? Ulinganisho kwa anayeishi Nairobi

Julai jijini Nairobi blanketi hukaa kambani siku mbili, na ukilianua bado unasikia ubaridi ndani yake. Wingu limefunika, jua linachungulia mchana kidogo kisha linajificha, na manyunyu ya asubuhi hayakatiki. Turubai la pembeni ya gari, lile la kukaa chini yake mkifika kambini, ni kubwa kuliko blanketi, limebanwa ndani ya mfuko mweusi juu ya keria, na hakuna anayelianika. Ndiyo maana maturubai mengi yanayoharibika mjini hapa hayapasuliwi na upepo wa Turkana wala kutobolewa na miiba ya migunga ya Amboseli. Yanaoza. Yalikunjwa yakiwa na maji Jumapili jioni ili watu wawahi foleni ya Naivasha, mwenyewe akasema atayafungua kesho, na kesho hiyo ikaja kuwa safari ya mwezi uliofuata.

Kwa hiyo nitalinganisha aina nne zinazopatikana kwa mizani inayoanzia nyumbani: utalikaushia wapi, na likivunjika nani atakutengenezea. Wauzaji huanza na ukubwa wa kivuli. Mimi nauweka nyuma ya haya mawili, na nitaeleza kwa nini.

Aina zenyewe, na gari lako

La kwanza ni turubai la kamba: kipande cha kitambaa chenye pete za chuma pembezoni, upande mmoja ukifungwa kwenye keria na upande wa pili ukishikwa na nguzo mbili na kamba. Mafundi wa mahema wa Nairobi wanalishona kwa vipimo unavyotaka, maana biashara ya mahema ya safari ina mizizi mirefu hapa.

La pili ni la kuvuta. Linakaa kwenye mfuko mrefu uliofungwa ubavuni mwa keria. Unafungua zipu, unalivuta kama pazia, miguu miwili inashuka mbele, fito mbili zinatoka upande wa gari kulikaza. Vipimo vya kawaida ni upana wa mita 2 au 2.5 na urefu wa kutoka nje kiasi hichohicho. Kampuni ya ARB ya Australia imelifanya lijulikane sana, na yapo ya majina mengine mengi ya bei nafuu zaidi.

La tatu ni la mabawa, linalozunguka nyuzi 270 kutoka kona ya nyuma ya gari. Fito zake zimeungana kwenye bawaba moja. Unalizungusha, na kwa muda mfupi ubavu mmoja na sehemu yote ya nyuma vimefunikwa. Batwing ya Rhino-Rack na lile la Alu-Cab ya Cape Town ni mifano.

La nne ni la sanduku: kitambaa kimeviringwa ndani ya boksi la alumini, unakitoa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Haya ni ya Ulaya, Fiamma wa Italia na Thule wa Uswidi, nayo yametengenezwa kwa ajili ya mabasi madogo yaliyogeuzwa kuwa nyumba.

Kabla ya kupenda lolote, tazama paa lako. Gari la watalii lenye paa la kuinuka halina mahali pa kubeba keria ndefu ya pembeni bila kuzuia paa lenyewe, na mara nyingi mwenye gari hilo anabaki na turubai la kamba tu. HiAce iliyogeuzwa kuwa chumba inabeba lolote kati ya manne. Noah au Voxy yenye keria nyepesi isibebeshwe la mabawa, ambalo huwa na kilo 20 na zaidi, zote zikiwa upande mmoja na juu kabisa ya gari. La kuvuta huwa karibu nusu ya uzito huo. Kitabu cha gari kinasema paa linabeba kilo ngapi. Soma, kisha utoe humo uzito wa keria yenyewe na mizigo utakayoongeza.

Kuna na suala la upande. Sisi huendesha kushoto, na mlango wa kuteleza wa HiAce uko kushoto, kwa hiyo turubai linafaa kufungukia huko, mbali na barabara. Australia na Afrika Kusini nao huendesha kushoto. Mabawa yao ya upande wa kushoto yanakufaa moja kwa moja, mradi usiletewe la kulia kwa bahati mbaya, maana hayabadilishwi kwa kugeuza tu. Ya sanduku kutoka Ulaya bara yametengenezwa kwa magari ambayo mlango wake uko kulia, na vishikizo vyake huuzwa kwa kila aina ya gari. Uliza vishikizo kabla ya kuuliza bei ya turubai.

Utalikaushia wapi?

Kuvu huanza kushika kitambaa chenye unyevu ndani ya siku moja au mbili. Mfuko mweusi juu ya gari lililoegeshwa juani ni joto na unyevu pamoja, yaani kila kitu kinachohitajika. Kwa kitambaa cha poliesta kilichopakwa dawa ya kuzuia maji kuna hasara ya pili: ile ngozi ya ndani, ikikaa na unyevu na joto miezi mingi, huanza kunata, kisha kubanduka kama maganda. Ikifika hapo hakuna dawa.

Sasa fikiria maegesho ya fleti yako Kilimani, Roysambu au South B. Una nafasi ya gari moja, jirani kushoto, nguzo ya jengo kulia. Turubai la kuvuta linahitaji mita 2 hadi 2.5 za wazi ubavuni. Mchana, jirani akiwa kazini, inawezekana. Ukizungumza vizuri na mlinzi, inawezekana zaidi. La sanduku linahitaji nafasi hiyohiyo, lakini lina faida mbili: unaweza kulitoa nusu tu, na kitambaa chake cha PVC unakifuta kwa kitambaa kikavu pande zote mbili, kikabaki na unyevu mdogo sana. La kamba ndilo rahisi kuliko yote. Unalivua, unapanda nalo juu ya jengo, unalianika kwenye kamba za nguo, basi. Mvua ikirudi unaliingiza ndani na kulitandaza kwenye viti.

La mabawa linahitaji uwanja. Mkono wake mmoja una urefu wa mita mbili na zaidi, na unapita ubavuni, nyuma, na kidogo upande wa pili. Katika maegesho ya chini ya jengo halifunguki, na kuna majengo ambayo hata kuingia ni taabu kwa sababu ya kizuizi cha urefu. Kitambaa chake kimeshonwa kwenye fito, kwa hiyo huwezi kukivua upande nacho juu. Mwenye nyumba yenye ua Ongata Rongai, Ruiru au Kitengela atalifungua Jumatatu asubuhi akinywa chai, na kwake hili si tatizo. Mkaazi wa fleti atalazimika kutafuta uwanja wa kanisa au kurudi nalo kwa wazazi mashambani, na ukweli ni kwamba hatafanya hivyo kila mara. Turubai bora kuliko yote, likikunjwa majimaji mara tatu, linakuwa bovu kuliko turubai la bei ya chini linaloanikwa.

La kuvuta lina siri ambayo wengi hawaijui. Kwa aina nyingi, kitambaa kimeingizwa kwenye mfereji wa alumini na kufungwa kwa skrubu mwishoni. Ukifungua skrubu hizo, kitambaa kinateleza nje kizima. Kwa hiyo hata asiye na nafasi kabisa anaweza kukivua Jumapili usiku, akakianika bafuni na juu ya jengo, kisha akakirudisha kikiwa kikavu. Ni kazi ya watu wawili na bisibisi. Uliza dukani kama lako linatoka hivyo.

Kitambaa

Hapa watu hukosea kwa sababu hugusa kitambaa dukani na kuchagua kilicho kizito. Kanvasi, yaani pamba iliyochanganywa na poliesta, kweli ni nzuri: inapumua, haipigi kelele upepo ukivuma, na kivuli chake kina ubaridi unaousikia. Ila inakunywa maji, inakuwa nzito, na inachukua muda mrefu kukauka. Kanvasi mpya pia huvuja kidogo kwenye mishono mara ya kwanza. Usiirudishe dukani. Ilowanishe yote, iache ikauke, rudia mara mbili. Nyuzi za pamba huvimba na kuziba matundu ya sindano.

Poliesta ni nyepesi na hukauka haraka, kwa hiyo mkaazi wa fleti ningemwelekeza huko. Adui yake ni jua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hatua chache kusini mwa ikweta. Kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa karibu asilimia 10. Mionzi hiyo hiyo inayochoma ngozi ndiyo inayokata nyuzi za kitambaa. Kwa hiyo usiliache turubai limefunguliwa wiki nzima eti ni kambi ya kudumu, na usidharau mfuko wa nje. Mfuko ndio unaokaa juani kila siku ukiwa mjini, na zipu yake ndiyo ya kwanza kufa. Mfuko wa PVC nzito wenye zipu ya meno makubwa una thamani kuliko nembo iliyochapishwa juu yake. PVC ya la sanduku haiozi, lakini vumbi lililoshika juu yake huota kuvu vilevile, na madoa hayo hayatoki yote.

Jua: upande upi, saa ngapi

Jua letu la saa sita liko karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo mchana aina zote nne zinatoa kivuli sawa na ukubwa wake. Tofauti inaonekana alasiri. Saa kumi jua limeshuka hadi nyuzi 35 hivi juu ya upeo wa magharibi. Turubai lililoinuliwa mita 2.1 wakati huo linatupa kivuli chake karibu mita 3 kuelekea mashariki. Ikiwa umelifungua upande wa magharibi wa gari, kivuli chako chote kimeingia chini ya gari, na ninyi mmekaa juani mkijiuliza mmenunua nini.

Dawa ni kuegesha kwa akili. Mnaofika kambini mchana na kukaa hadi jioni, egesheni turubai likiwa mashariki mwa gari. Gari lenyewe litakuwa ukuta. Mnaoamka hapo na kupikia chai asubuhi, geuzeni. Turubai la mabawa linakupunguzia hesabu hii, maana ukikosa kivuli ubavuni unahamia nyuma, na hapo ndipo linapostahili bei yake. Familia ya watu sita kando ya Ziwa Naivasha, wazee wakitaka kulala baada ya chakula na watoto wakitaka kula tena, watalishukuru. Watu wawili hawalihitaji. Kwao, mita tano za mraba zilizoegeshwa vizuri zinatosha.

Anayetumia la kamba ana uhuru ambao wengine hawana: anaweza kushusha upande mmoja hadi karibu na ardhi, likawa ukuta wa kuzuia jua la jioni. Kwa yale mengine ukuta unanunuliwa kando, au fundi anakushonea.

Mvua

Turubai la mita 2 kwa 2.5 ni mita tano za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo alasiri ya Aprili inaweza kuishusha ikiwa na haraka zake, ikituama yote juu yake ni lita 100. Kilo mia moja katikati ya fito mbili nyembamba za alumini. Ndivyo fito zinavyopinda, na ndivyo maturubai ya sanduku yanavyong'oa bolti kwenye paa.

Maji lazima yapewe njia. Kwa la kuvuta na la sanduku, shusha mguu mmoja wa mbele uwe chini kuliko mwenzake kwa kiasi cha shubiri moja au zaidi, upande ambao hamkai wala hampiki. Kwa la sanduku nunua na ufito wa katikati wa kukazia, huuzwa kando, na bila huo kitambaa kinabonyea. La mabawa lina mabonde kati ya fito. Lile linalosifiwa kusimama bila miguu lisimamishie miguu mvua ikitanda, na ushushe mmoja. La kamba, vuta kona moja chini kwa kamba na maji yatamwagika kama kwenye mfereji wa bati. Ukiweka ndoo pale chini unapata maji ya kuoshea vyombo.

Upepo ndio mwalimu mkali

Nguvu ya upepo haiongezeki kwa hatua sawa. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga turubai la mita tano za mraba uso kwa uso unasukuma kwa uzito wa karibu kilo 30. Ukifika kilomita 72, msukumo ni karibu kilo 120. Mwendo umezidishwa mara mbili, nguvu mara nne. La mabawa lina eneo karibu mara mbili ya hilo, na lote linashikwa na bawaba moja kwenye kona. Matangazo ya kusimama bila miguu na bila kamba ni ya siku tulivu.

Mazingira yetu hayana utulivu wa kutosha. Milima ya Ngong ina mitambo ya umeme wa upepo juu yake. Unajua kwa nini iko pale. Karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365, na upepo wake huvuma usiku hadi alfajiri, wakati wewe umelala. Naivasha na Hell's Gate hutulia asubuhi, kisha alasiri upepo unashuka ghafla. Kwa hiyo kanuni yangu haina mjadala: mkienda kulala, turubai linafungwa. Mkitoka kambini kwenda kutembea, linafungwa. Hapa la sanduku na la mabawa yanashinda, kwa kuwa mtu mmoja anayafunga upesi hata mvua ikimnyeshea. La kuvuta ni rahisi kwa wawili, na mmoja akizoea anaweza. La kamba kulishusha gizani upepo ukivuma ni kushindana na tanga la jahazi.

Vigingi vinavyokuja na turubai, vile vyembamba kama waya, viweke pembeni. Nenda kwa mafundi wa jua kali Kamukunji wakukatie nondo ya milimita 12, urefu wa sentimita 40, wakuchongee ncha na kuchomelea pete juu. Vigingi vinane vitakutosha na vitadumu kuliko gari. Vipigilie vikiegemea mbali na turubai, kamba ikivuta kinyume. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela na Athi River, mvua ikinyesha udongo unalegea na kigingi kinatoka kama mswaki mdomoni. Ongeza cha pili nyuma ya cha kwanza na ukaze kamba tena kila baada ya mvua. Kwenye mchanga wa Diani au Kilifi kigingi hakishiki hata kidogo. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uufukie kina cha magoti.

Kamba nazo zifungiwe kitambaa cheupe au chekundu. Watoto hukimbia.

Kulisimamisha bila kulivunja

Nitaeleza la kuvuta, kwa kuwa ndilo wengi wataishia kununua. Egesha pahali tambarare, angalia matawi juu na mwelekeo wa upepo. Mgongo wa gari au ubavu usio na turubai ndio uelekee upepo. Fungua zipu yote kabla ya kugusa chochote. Fungua mikanda, shika katikati mti wa mbele, ule ulioshikilia ukingo wa nje wa kitambaa, rudi kinyumenyume polepole kitambaa kikijifungua chenyewe. Mkiwa wawili kila mmoja anashika mwisho wake. Miguu imelala ndani ya mti huo. Iteremshe ikiwa mifupi, usiirefushe bado. Kisha toa fito za pembeni, kila moja ifike mbele na ifungwe, ndipo kitambaa kikazwe. Mwisho inua miguu, funga kamba, ushushe mguu wa mvua. Wanaokaza kitambaa kabla ya fito zote mbili kufika ndio wanaopinda ncha.

Kulikunja ni kinyume chake, kwa utaratibu zaidi. Fagia juu yake kwanza. Mwiba mmoja wa mgunga ulioviringwa ndani unatoboa tabaka saba, na utakuta mstari wa matundu siku ya mvua. Maua ya mjakaranda yakiachwa ndani huacha madoa.

Barabara za changarawe zinalegeza kila nati. Tumia nati zenye plastiki ndani zinazojifunga, na vishikizo vitatu badala ya viwili kwa turubai la mita 2.5. Ukirudi kutoka Magadi au Samburu, pitisha spana kabla ya kupumzika.

Kuosha

Vijana wa kuosha magari watakuuliza, "Bosi, na hii ya juu tupige presha?" Jibu ni hapana. Presha inafungua mishono na kung'oa dawa ya kuzuia maji, na ikiingia kwenye zipu ya mfuko inaacha maji ndani, ukidhani umetoka pale na gari safi. Osha mwenyewe: maji baridi, brashi laini, sabuni ya kipande kidogo tu, suuza sana. Sabuni ya unga yenye nguvu na jiki viache kwa mashuka. Kuvu likianza, changanya siki kiasi kimoja na maji viasi vinne, paka, acha nusu saa, sugua taratibu, suuza, anika juani. Kuvu litakufa, doa huenda likabaki, na doa lisikusumbue.

Mliotoka Magadi mna kazi ya ziada. Vumbi la ziwa lile ni magadi yenyewe, na magadi hula alumini. Suuza fito na bawaba kwa maji safi siku hiyohiyo mnaporudi. Chumvi ya Pwani inataka uangalizi huohuo. Kwenye maungio yanayoteleza puliza silikoni kavu. Mafuta ya injini na grisi hukamata vumbi likawa msasa.

Fundi yuko wapi?

Turubai la kamba likichanika, fundi yeyote wa mahema Industrial Area au fundi wa viti vya gari mwenye cherehani nzito atalishona ukisubiri. La kuvuta vivyo hivyo, na miguu yake ni mabomba tu. Ikipinda, unachukua kipimo na kutengenezewa mingine. Kwenye la mabawa kitambaa kinashoneka, ingawa fundi atahitaji kulishusha zima. Bawaba yake ikipasuka, na ikiwa ni ya kumiminwa, mtu wa kuchomelea hawezi kuirudishia nguvu yake, unaagiza. La sanduku likiharibika springi au giya ya kuzungushia, unaagiza kutoka Ulaya, unalipa usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, na gari linakaa na boksi lisilofunguka msimu mzima.

Nani achukue lipi

Mkaazi wa fleti anayetoka wikendi mojamoja, watu wawili hadi wanne: la kuvuta, poliesta, mita 2 kwa 2.5, lenye kitambaa kinachovuliwa. Hilo ndilo chaguo langu, na kwenye buti ningeweka turubai la kamba jepesi la kuongezea ukuta au kufunika jikoni.

Mwenye ua, Land Cruiser au Prado yenye keria imara, na familia kubwa: la mabawa, bila kusita. Kama fedha haitoshi kununua zuri, rudi kwenye la kuvuta badala ya kununua la mabawa lenye bawaba nyepesi.

Mwenye HiAce ya kulala ndani, anayesimama kambi nyingi kwa muda mfupi na ana mahali pa kufungulia nyumbani, la sanduku litampa raha ya kila siku ambayo mengine hayana. Mwenye gari la watalii lenye paa la kuinuka, au kijana anayeanza na hana hakika kama kambi ni mapenzi ya kudumu, ashonewe la kamba.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji alifungue hapo uwanjani, kisha akupishe ulifunge mwenyewe hadi zipu ifike mwisho. Vuta zipu mara kadhaa. Tazama ndani ya mishono kama kuna utepe wa kuziba. Shika kila maungio uyatikise. Mwagia chupa ya maji katikati uone yanaelekea wapi. Muulize miguu, vishikizo na bawaba vya akiba anavyo dukani leo au ni vya kuagiza, na akisema anavyo, aviweke mezani uvione.